Kilti ya Zambarau, Shati la Kasuku

Juni 3, Jumatatu

Leo mdogo wangu Torquil amekuja dukani amevaa kilti, lile vazi la marinda la wanaume wa huku kwetu, ya rangi ya haradali, rangi moja tupu toka kiunoni hadi magotini, bila mstari hata mmoja, na juu yake shati la mikono mifupi lililojaa picha za kamba wekundu. Kamba wa baharini, wenye mikia. Naandika hivi ili nikisoma siku nyingine nisidhani niliota.

Alisimama mlangoni akajizungusha kama bata mzinga.

"Unaonaje, dada?"

"Naona mpishi wa jela aliyeangukia kapu la samaki."

Akacheka. Torquil ana miaka hamsini na miwili na bado anacheka kama aliyeiba sukari. "Hii si ya harusi wala ya msiba. Ni ya siku za kawaida. Ya kwenda kunywa bia, ya kuchoma nyama na jirani."

"Kwani jirani amekukosea nini?"

Duka hili ni la baba yetu. Torquil anapima, anakata na kuuza, mimi nashona. Miaka thelathini na sita nimewashonea wanaume wa Kinlorne kilti za tartani, kitambaa cha koo zao, kila mtu na mirabaraba yake, marinda ishirini na saba nyuma, kila rinda likiangukia mstari uleule. Leo mteja wa kwanza alipoingia alikutana na haradali na kamba. Mchana niliiacha supu ipoe.

Juni 4

Mvua. Sijasema naye.

Juni 7, Ijumaa

Amenunua majora manne kiwandani bila kuniuliza: haradali, kijani cha chupa, kijivu cha mkaa na zambarau iliyoiva. Ameyapanga dirishani, mahali palipokuwa na tartani ya ukoo wa mama. Tartani ya mama ameilaza juu ya kabati, karibu na dawa ya nondo.

Wakati wa chai alinieleza nadharia yake, huku makombo ya biskuti ya shayiri yakimwangukia kamba mmoja usoni.

"Sikiliza. Tartani inaongea. Ukiivalia shati la maua, ni watu wawili wanaopayuka meza moja. Lakini kilti ya rangi moja imenyamaza, kwa hiyo shati linaweza kusema. Unatafuta rangi moja tu ndani ya shati, hata iwe ndogo kama ukucha, halafu unalitafutia kilti ya rangi hiyohiyo. Basi, vinashikana mikono."

"Na mimi nikitapika atanishika nani mkono?"

"Watu wawili wameshaweka oda, dada."

Nilimwuliza ni nani. Mmoja ni mwalimu wa jiografia. Sikushangaa.

Juni 15, Jumamosi

Ranald Strachan alipita kunywa chai. Yeye ni mwenyekiti wa kamati ya Michezo ya Kinlorne, ile ya kila Agosti yenye kurusha nyundo, kupiga zumari na kuvuta kamba, na mimi ni katibu wake mwaka wa kumi na tisa sasa. Alikuwa daktari wa mifugo. Ndiye mwanamume pekee mjini anayesimama mwanamke akiingia chumbani, na soksi zake hazijawahi kushuka. Niseme kweli, maana hakuna atakayesoma: nimemaliza miaka kadhaa nikizitazama soksi zile.

Alisimama mbele ya dirisha kwa muda, mikono nyuma.

"Effie, marehemu baba yako angesemaje?"

"Angefunga duka akalala."

"Kamati haiwezi kulala." Akaketi. "Mwaka jana waliovaa hivi walikuwa vijana wawili watatu kwenye baa. Mwaka huu watatuingilia uwanjani na mashati yao ya mananasi, na wageni watapiga picha, na hiyo ndiyo itakuwa Michezo ya Kinlorne."

Tukatunga kanuni palepale, juu ya meza ya kukatia. Yeye alitoa wazo, maneno nikayapanga mimi: *Hairuhusiwi mwanamume yeyote kuingia uwanjani wala katika hema la kamati akiwa amevaa kilti ya rangi moja pamoja na shati lenye michoro; atakayekaidi atarudishwa langoni.* Niliisoma kwa sauti mara mbili. Ranald alicheka kwa raha, nami nikacheka. Sentensi nzuri. Imekaa kama pindo lililopigwa pasi.

Torquil alikuwa ametoka. Sikumwambia.

Juni 16, Jumapili

Kanisani amekuja na kilti ya kijani na shati la vimaua vidogo vyeupe. Alipoketi karibu nami nilihamia benchi la mbele. Mchungaji alipokuja kutusalimu alimwambia shati limependeza. Mchungaji ni mtu wa pwani ya magharibi, hajui kusema neno baya.

Juni 20

Mvua. Visubi. Oda tatu za kijivu, anazipeleka kwa fundi wa nje, huko alikoshonewa na zake. Mashati yenyewe naletewa niyaone ili "nichague uzi": baiskeli, ndimu, majogoo. Nahisi kama mganga anayeletewa vidonda.

Juni 27, Alhamisi

Leo amekuja Dod Lumsden, dereva wa lori la halmashauri, lile linalomwaga chumvi barabarani wakati wa barafu. Ana miaka sitini na moja, mabega kama mlango wa ghala, na sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Kila Agosti huja na wenzake wa karakana kutufungia uzio wa Michezo, na jioni huja kuufungua. Sijawahi kumwona ndani ya uwanja, kwa sababu uwanjani haingii mwanamume asiye na kilti, na Dod hana.

"Nataka kilti, Bi Effie. Binti yangu Rhona anaolewa Septemba. Na wenzangu wanataka mwaka huu nivute kamba nao."

"Hongera. Tartani ya akina Lumsden ninayo, buluu na nyekundu, nzuri sana."

Alikuna shingo. "Lumsden ni jina la polisi aliyeniokota kwenye ngazi za stesheni. Nilikuwa na siku mbili duniani. Pale makao ya watoto waliniandika jina lake kwa kukosa jingine. Alikuwa mtu mwema, lakini hakuwa baba yangu."

"Jina ni jina, Bwana Lumsden. Unavaa tu. Au chukua tartani ya mkoa, ni ya kila mtu."

"Bi Effie, mimi nimelelewa kwa nguo zilizoachwa na watu. Viatu vya huyu, koti la yule. Kila kola ina jina la mtoto mwingine limeshonwa ndani. Sasa nataka kitambaa ambacho hakijawa cha mtu." Akaonyesha dirishani. "Ile zambarau."

Ningemwelewa, nadhani, kama hangefungua mfuko wake. Ndani mlikuwa na shati. Kasuku. Kasuku kumi na wanane kwa kuhesabu upande wa mbele peke yake, wa kijani, wa njano, wengine wamefungua midomo, na mmoja ameangukia mfukoni hivyo amekosa kichwa. Rhona ndiye aliyelichagua. Harusi itafanyika bustanini, hataki baba yake ajibane na koti.

Nililishika kwa ncha za vidole viwili, kama unavyoshika panya.

"Mimi hizi sishoni," nikasema. "Torquil atakutafutia mtu."

Torquil alitoka nyuma ya pazia. Hakunitazama. Alichukua futi kamba, akampima Dod kimya, akaandika, akamsindikiza mpaka nje. Aliporudi alisema neno moja: "Nitaishona mwenyewe."

Torquil hajui kushona hata kifungo.

Julai 2

Anashona. Siangalii.

Julai 4

Anashona. Amejidunga kidole. Siangalii.

Julai 9, Jumanne

Nimeangalia.

Alikuwa amekwenda kula, kazi ameiacha juu ya meza. Marinda yamekaa kama meno ya mzee: moja nene, moja jembamba, moja limekwenda likizo. Nimechukizwa na mengi mwezi huu, lakini kazi mbaya ndani ya duka la baba yangu ni kinyaa cha namna nyingine. Nilifunga mlango, nikaketi, nikafumua mishono yote mpaka kitambaa kikawa kitupu kama kilivyotoka kiwandani.

Torquil aliporudi alinikuta napiga bandi rinda la kwanza. Akaning'iniza koti lake.

"Nikuchemshie chai, dada?"

"Chemsha. Na usiseme kitu."

Akaenda kuchemsha.

Julai 13

Jambo ambalo sikulijua miaka thelathini na sita: kilti ya rangi moja ni ngumu kuliko tartani. Kwenye tartani mistari inakuongoza, na ukikosea upana wa uzi mmoja, mirabaraba inakufichia. Hapa hapana pa kujificha. Kila mshono unaonekana, kila mkono uliotetemeka unaonekana. Nimefumua rinda la tisa mara tatu.

Bado ni sketi.

Julai 19

Mvua juma zima. Zambarau ileile inaonekana kwenye ubawa wa kasuku, mstari mwembamba chini ya kijani. Torquil ndiye aliyeniwekea shati pembeni ili nione. Nimeona. Nimelifunika kwa gazeti.

Julai 25, Alhamisi

Dod amekuja kujaribisha. Nilipiga magoti na pini mdomoni, nikamzunguka kurekebisha urefu, naye akawa ananiambia habari za Rhona: alivyomlea peke yake tangu akiwa na miaka minne, alivyojifunza kusuka nywele kwenye kamba ya kufungia lori. Nilicheka, nikakaribia kumeza pini.

Kisha akajitazama kwenye kioo. Muda mrefu. Akageuka kutazama nyuma, marinda yakafunguka na kufungika, akageuka tena, na tena.

"Hii hakuna mtu atakayeniambia nimrudishie," akasema.

"Kilti imekukaa vizuri," nikasema. "Shati linatisha."

"Najua. Rhona anasema kasuku wanachangamsha. Nimepewa amri."

Akaniuliza kama ataruhusiwa kuvuta kamba nayo siku ya Michezo. Pini zilikuwa bado mdomoni. Nilitikisa kichwa kwa namna ambayo mtu angeweza kudhani ni ndiyo.

Sijui kwa nini. Najua. Niliona haya kusema, nikajipa moyo kwamba Ranald atafumba jicho. Naandika tu.

Agosti 8, Alhamisi

Ratiba za Michezo zimetoka kwa mpiga chapa. Torquil amesoma moja, na kanuni zilizo nyuma yake, amesimama, halafu ameisoma tena ameketi.

"Hii kanuni ya saba ni sentensi yako, dada."

"Ni ya kamati."

"Mji huu wote mtu anayetumia nuktamkato ni wewe tu." Alikuwa anaongea taratibu, nami namwogopa akiongea taratibu. "Umeiandika lini?"

"Juni."

"Juni. Kabla ya Dod kuja." Akahesabu kwa vidole. "Kwa hiyo ulimpima, ukamshonea, ukampigia magoti, na muda wote unajua atarudishwa langoni."

Nikasema nitazungumza na Ranald. Akasema, "Zungumza basi."

Agosti 10, Jumamosi

Nimekwenda kwa Ranald. Alisimama nilipoingia. Nikamweleza habari za Dod, polisi, stesheni, binti. Akanisikiliza, akanimiminia chai, akasema kanuni ni ya wahuni, si ya watu kama Lumsden, tutatumia busara. "Niachie mimi, Effie."

Nilirudi nyumbani nimetulia. Nikamwambia Torquil yamekwisha. Akasema hata yeye siku hiyo atavaa tartani ya baba na kubeba bendera kama kila mwaka, ili mimi nifurahi.

Agosti 17, Jumamosi

Nitaandika yote, kwa mpangilio.

Asubuhi mvua, saa sita jua. Watu walikuwa wengi kuliko mwaka jana. Kuvuta kamba kulipangwa saa nane. Karakana ya halmashauri walikuja wanane, saba wakiwa na kilti za tartani za kuazima na mashati meupe, na Dod nyuma yao kwa zambarau yake na kasuku wake. Nilimwona kutoka mbali, na kwa sekunde moja, kabla sijajizuia, nilichokiona kwanza ni marinda: yalivyokuwa yanatembea pamoja, yote, kama maji. Halafu nikawaona kasuku na uso ukanikunjamana kwa mazoea.

Ranald alikuwa langoni. Akanyoosha fimbo yake kuzuia njia.

"Nyie saba piteni. Bwana Lumsden, samahani."

Dod akasimama. Rhona alikuwa upande wa pili wa uzio na mchumba wake, anajiandaa kumpiga baba yake picha kwa simu. Nikamwona anaishusha simu.

"Kuna tatizo, Bwana Strachan?"

"Kanuni. Katibu atakusomea." Ranald akanigeukia, akatabasamu, tabasamu lilelile la chai. "Tafadhali, Bi Effie. Sauti yako ndiyo nzuri."

Nilitarajia akonyeze jicho. Hakukonyeza. Wajumbe wa kamati walikuwa nyuma yangu na vikombe vyao mkononi, watu wamegeuka kutazama. Ratiba ilikuwa mkononi mwangu. Nikasoma. Nilisoma kanuni ya saba yote, na sauti yangu haikutetemeka, na nilipofika kwenye nuktamkato nilipumzika mahali pake kama inavyotakiwa.

Dod akasema, "Naelewa." Akashika kola ya shati. "Nikilivua?"

"Usivue chochote, mtu mzima wewe," akasema Ranald. Kisha akawageukia wajumbe, si kwa kunong'ona, kwa sauti ya mtu anayesimulia mezani: "Tusimlaumu. Mtu asiye na watu wake atafundishwa na nani kuvaa?"

Wakacheka. Nilikijua kicheko kile. Ndicho nilichokicheka Juni juu ya meza ya kukatia.

Dod aliiachia kola. Alinitazama mimi. "Asante kwa mshono, Bi Effie. Ni mzuri kweli." Akageuka akaondoka kwa njia ya magari, marinda yakifunguka na kufungika. Rhona aliruka uzio kumfuata, na alipopita mbele yangu alipunguza mwendo. Alinitazama kama mimi nilivyolitazama lile shati.

Torquil alikuwa katikati ya uwanja na bendera. Aliilaza chini kwenye majani mabichi, taratibu, akaikunjua isije ikakunjamana, akatoka nje akawafuata. Wale saba wa karakana wakaangalia kamba, wakaangaliana, na mkubwa wao akasema, "Sisi hatuvuti." Wakatoka pia.

Nilibaki mpaka saa kumi na moja. Niliandika matokeo ya kurusha nyundo. Hati yangu ilikuwa safi.

Agosti 18

Sikwenda kanisani. Nimeosha mikono mara nyingi.

Agosti 19, Jumatatu

Torquil hakuja dukani. Saa tano amekuja Ranald na boksi la peremende za maziwa na sukari anazotengeneza dada yake. Nilikuwa nimeketi, sikuinuka.

"Tulisimama imara, Effie."

"Uliniambia tutatumia busara."

"Nilitumia. Ningeweza kumtoa uwanjani mbele ya bendi." Akaketi bila kukaribishwa. Mate yalikuwa yamemkaukia pembeni mwa mdomo, jambo ambalo huenda lilikuwepo miaka yote kumi na tisa. "Wale watu wa karakana tutawaandikia barua."

"Ulisema hana watu."

"Ni kweli hana. Sikumtukana, nilieleza."

Nikalisukuma boksi lake mpaka ukingoni mwa meza. "Ranald, shati lile linachukiza. Nilisema hivyo Juni na nasema hivyo leo. Lakini lile halinitapishi kama maneno yako. Tafuta katibu mwingine."

"Kwa sababu ya kasuku?"

"Na peremende zako uzichukue."

Alikwenda nazo. Soksi ya kushoto ilikuwa imeshuka kidogo. Haikunifurahisha.

Agosti 24, Jumamosi

Nimekwenda kwa Dod. Anakaa nyumba ya mwisho kabla ya daraja. Alikuwa jikoni anamenya viazi, akanifungulia na kisu mkononi, hakunikaribisha kiti. Nikasema nilichokwenda kusema. Kwamba sentensi ni yangu. Kwamba niliiandika kabla sijamjua, lakini nilimshonea nikiwa naijua.

Akaendelea kumenya kiazi mpaka kikabaki kama gololi.

"Strachan hakunishangaza," akasema. "Namjua. Wewe ulikuwa umepiga magoti miguuni mwangu na pini mdomoni, unacheka habari za nywele za mwanangu. Nikakuuliza. Ukatikisa kichwa."

"Nilitikisa."

"Nilikwenda nyumbani nikamwambia Rhona, Bi Effie kasema ndiyo."

Hakupandisha sauti hata mara moja. Alitoa mfuko nyuma ya mlango. Kilti ilikuwa ndani, imekunjwa vizuri kuliko wateja wangu wengi wanavyokunja. "Chukua. Siwezi kuivaa bila kusikia ile karatasi ikisomwa."

"Bwana Lumsden."

"Nenda, Bi Effie. Leo sina zaidi."

Nimerudi nayo kwa miguu. Mvua haikunyesha, ingawa ningeikaribisha.

Agosti 26

Oda mbili zimefutwa, zote za tartani, zote za wajumbe wa kamati.

Agosti 29

Mvua. Torquil bado. Nasikia analala kwa mwalimu wa jiografia.

Septemba 2, Jumatatu

Amerudi. Ameingia na shati jeupe, na ajabu ni kwamba limenikera. Ameuona mfuko juu ya meza ya kukatia, akafungua, akafunga.

"Ameirudisha?"

"Ndiyo."

Akaketi mbele yangu. "Nikuambie kitu, usikasirike. Wewe pua yako ni kali, dada. Unanusa kola iliyokaa vibaya kutoka ng'ambo ya barabara. Umekaa na Ranald chumba kimoja miaka kumi na tisa, hukunusa."

Nikauvuta mfuko upande wangu.

"Ulimwomba msamaha wapi?" akauliza.

"Jikoni kwake."

"Ulimsomea kanuni jikoni kwake?"

Septemba 5, Alhamisi

Saa nne asubuhi, wakati wa chai, nimekwenda karakana ya halmashauri. Wote wanane walikuwepo, wamekalia ndoo na matairi, na wengine wa idara ya taka ambao sikuwa nimewahesabu. Dod alikuwa mwisho, karibu na lori. Nilisimama katikati, karatasi mkono mmoja, mfuko wa kilti mkono wa pili.

Nikasoma. *Mimi, Euphemia (Effie) Garrioch, niliandika kanuni ya saba. Niliiandika kwa kiburi, nikaisoma mbele ya watu nikijua inamwumiza mtu ambaye hakunikosea. Niliposikia akidharauliwa kwa kukosa ukoo nilinyamaza. Ninaona aibu. Karatasi hii itakaa dirishani mwa duka langu mpaka mwisho wa mwaka.*

Mtu akapuliza chai yake.

Dod akasema, "Na shati?"

"Shati gani?"

"Useme neno moja zuri juu ya shati, mbele ya watu hawa."

Nikafikiri. Nilitafuta kwa moyo wote. Niliwapitia kasuku wale kichwani, mmoja mmoja, pamoja na yule asiye na kichwa.

"Siwezi, Bwana Lumsden. Ni shati baya kuliko yote niliyopata kuona."

Mtu wa idara ya taka alicheka mpaka chai ikamtoka puani, halafu wengine wakafuata. Dod hakucheka, lakini aliinuka. Alikuja akachukua mfuko mkononi mwangu.

"Angalau huyu hadanganyi tena," akawaambia.

Septemba 9

Kadi ya harusi imepitishwa chini ya mlango. Nyuma Rhona ameandika kwa kalamu: *Baba amekusamehe. Mimi bado. Njoo, lakini ukae nyuma.*

Septemba 14, Jumamosi

Jua kutwa nzima. Nimekaa nyuma.

Bustani ya nyumba ya wageni, viti vya kukodi, meza ya samaki wa moshi na viazi vya siagi. Upande wa bwana harusi walijaa watu arobaini na zaidi, akina baba wadogo, mashangazi, binamu, wanaume wote kwa tartani moja ya ukoo wao, ya kijani, nzuri, niliishona nusu yake mimi. Dod alimleta Rhona akiwa na zambarau na kasuku, akamkabidhi, akarudi kuketi mstari wa mbele peke yake.

Baada ya kiapo mpiga picha akaanza kupanga watu. Aliwapiga picha akina bwana harusi wote, ikachukua muda, maana walikuwa hawaishi. Kisha akasema kwa sauti, akitazama daftari lake, "Sasa watu wa bibi harusi."

Dod akaenda kusimama kando ya binti yake. Mpiga picha akangoja. Akatazama viti. Akaangalia tena daftari, na nikaona anaanza kuelewa na hajui afanye nini.

Wa kwanza kuinuka alikuwa yule mkubwa wa karakana, kwa kilti ya kuazima na shati la ndimu. Kisha wengine sita: majogoo, baiskeli, nanga, uyoga, na mawili ambayo sikutambua michoro yake na sikutaka kutambua. Kisha Torquil, haradali na kamba wake. Wakajipanga upande wa pili wa Rhona. Sijawahi kuona kitu kibaya hivyo kimesimama mstari mmoja chini ya jua. Macho yaliniuma. Nilibaki kwenye kiti changu, maana nilikuwa nimeambiwa nyuma, na nilistahili nyuma.

Rhona alikuwa anahesabu. Akanong'onezwa kitu na baba yake. Akatikisa kichwa kukataa. Akanong'onezwa tena. Akanitafuta kwa macho juu ya viti vyote vile mpaka akanipata, akanyoosha kidole, akanionyesha mahali: mwisho wa mstari, bega kwa bega na Dod.

Nikaenda. Kasuku wa mkono wa kulia walikuwa wananigusa.

"Tabasamu, mama," akasema mpiga picha.

"Mwache," akasema Rhona. "Ndivyo alivyo."

Akapiga.